Imani ya Wananchi Haiamrishwi kwa Rungu



Wako watu wema miongoni mwetu wanaotushauri tuyaache mambo ya maradhi mikononi mwa madaktari. Husema kwamba katiba, kura na haki za raia ni mambo ya wanasiasa, ilhali kipindupindu, Ukimwi na korona ni mambo ya hospitali, na kwamba anayeyachanganya hayo mawili anatafuta sifa juu ya makaburi ya watu. Twawaheshimu wanaosema hivyo, lakini hatukubaliani nao.

Maradhi ya mlipuko yakiingia nchini, serikali humtaka raia mambo ambayo haimtaki siku nyingine yoyote. Humwambia afunge duka lake. Humwambia asimzike baba yake kwa desturi ya ukoo. Humwambia asiende kanisani wala msikitini, amtoe mtoto wake achomwe sindano, aeleze mbele ya mgeni amelala wapi na nani. Mambo hayo hayatendwi na mtu asiyemwamini anayemwomba. Askari aweza kusimama njia panda, lakini hawezi kusimama katika kila chumba cha kulala, kila kitanda cha mgonjwa na kila matanga. Huko ndiko maradhi yanakoshindwa au yanakoshinda, na huko mwananchi yuko peke yake na dhamiri yake.

Kwa hiyo twasema wazi: imani ya wananchi kwa serikali ni dawa, tena ni dawa isiyonunuliwa kwa mkopo wa kigeni. Hutengenezwa siku za afya, kwa ukweli, kwa hesabu zilizo wazi na kwa kura inayoheshimiwa. Yusufu kule Misri alijaza maghala miaka ya shibe. Alijua kwamba njaa ikishabisha hodi, wakati wa kuvuna umepita. Serikali inayodanganya miaka ya shibe huikuta ghala ya imani tupu siku ya tauni, na wanaolipa ni maskini.

Kimya cha chama kimoja

Wakenya hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa nchini mwaka 1984. Serikali ya wakati huo, iliyokuwa ya chama kimoja kwa sheria tangu mwaka 1982, ililichukulia jambo hilo kama aibu ya taifa na hatari kwa biashara ya utalii. Magazeti ya ng'ambo yaliyoandika habari hizo yalikaripiwa. Magazeti ya hapa yalijua mpaka wao uko wapi. Bunge lililochaguliwa mwaka 1988 kwa mlolongo, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi, halikuwa bunge la kumwuliza waziri maswali magumu juu ya wagonjwa.

Kisha likaja jambo la mwaka 1990. Mwaka ule ule ambao watu walipigwa na kuuawa katika ghasia za Saba Saba kwa kudai vyama vingi, taifa lilitangaziwa kwamba watafiti wetu wamepata dawa ya Ukimwi, iitwayo Kemron. Rais Moi mwenyewe aliibariki. Wagonjwa walikuja kutoka nchi nyingine wakiwa na matumaini. Majaribio yaliyofanywa baadaye na wataalamu wengine, yakiwemo ya Shirika la Afya Duniani, hayakuona kwamba dawa ile ina faida iliyotangazwa. Hatuwalaumu watafiti kwa kujaribu, maana sayansi ni kujaribu. Twalaumu desturi ya kuupa ushindi muhuri wa ikulu kabla haujathibitishwa, katika nchi ambamo kutilia shaka neno la ikulu kulihesabiwa kuwa uasi. Mwananchi aliyeuza ng'ombe ili anunue tumaini, akamzika mwanawe hata hivyo, angeanzia wapi kuliamini tangazo la pili?

Ulipofika Novemba 1999, Rais alipoutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, miaka 15 ilikuwa imepita. Zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila kumi alikuwa na virusi. Nyanya walikuwa wakilea wajukuu bila mama wala baba. Baraza la taifa la kupambana na Ukimwi likaundwa, fedha zikaja, na mwaka 2004 mkurugenzi aliyekuwa ameliongoza baraza hilo alipatikana na hatia mahakamani ya kujipatia mshahara mnono kwa udanganyifu. Basi yule aliyekuwa akihimizwa apimwe, aseme ukweli juu ya mwili wake, aliona kwamba wanaomhimiza hawasemi ukweli hata juu ya mishahara yao.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Serikali iliyaficha, na walioumbuliwa ni wananchi.

Tumtendee haki kila mtu lakini. Katika miaka hiyo ya kimya walikuwepo waliosema. Wauguzi katika hospitali za misheni walisema. Wajane walisimama katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo wakasema ni nini kilichowaua waume zao, wakijua watatengwa. Makao ya watoto ya Nyumbani, yaliyoanzishwa mwaka 1992 na padri Mjesuiti kwa ajili ya mayatima wenye virusi, yalifika mahakamani hadi mwaka 2004 shule za umma zikakubali kuwapokea watoto hao. Watu waliamini walipoona kwamba msemaji naye amejitolea kupata hasara.

Mwaka wa kafyu

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tukumbuke hali ya mioyo ya watu wiki zile. Wakenya walikuwa tayari kusikia. Maeneo ya ibada yalifungwa na waumini wakatii. Kina mama wa masokoni waliweka madumu ya maji na sabuni mbele ya vibanda vyao kwa gharama zao wenyewe. Kila alasiri watu walikusanyika mbele ya redio na televisheni kusikiliza hesabu ya siku. Ilikuwa akiba kubwa ya nia njema, ambayo serikali nyingi zingeitamani.

Akiba ile ilitumiwaje? Kafyu ilianza Ijumaa tarehe 27 Machi. Kabla hata ya saa moja jioni, katika kivuko cha Likoni, wafanyakazi waliokuwa wakikimbilia feri warudi makwao walifyatuliwa vitoa machozi na kupigwa virungu. Watu walioambiwa wasikaribiane walilazwa chini wakirundikana. Tarehe 30 Machi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi huko Kiamaiko, Nairobi, akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Rais Kenyatta aliomba radhi kwa jumla kwa ukatili wa polisi, na radhi ni neno la heshima. Lakini katika siku zile za mwanzo watu waliouawa kwa mikono ya waliotumwa kuwalinda dhidi ya maradhi walizidi mmoja, na mitaani watu wakaanza kuhesabu hesabu mbili: ya waliokufa kwa korona na ya waliokufa kwa kafyu.

Kisha karantini ikageuzwa jela. Waliovunja kafyu walipelekwa kwa nguvu katika vituo vya karantini, kana kwamba kituo cha afya ni adhabu. Waliowekwa humo walidaiwa malipo ya malazi, na wasioweza kulipa walizuiliwa hata baada ya kupimwa na kuonekana hawana ugonjwa. Mwezi Mei serikali ilikubali kubeba gharama, lakini habari ilikuwa imekwisha kuenea. Tuyapime matokeo yake kwa akili ya kawaida. Mchuuzi wa Kawangware anakohoa. Anajua kwamba akipimwa na kupatikana, atachukuliwa kwa gari mbele ya majirani, atafungiwa mahali, na atadaiwa fedha ambazo hajapata kuzishika kwa pamoja maishani mwake. Atafanya nini? Atachemsha tangawizi na kunyamaza. Hatuwezi kumwita mjinga. Amepima hatari zake kwa makini kuliko waliotunga amri ile.

Mwezi Agosti 2020 likafumuka la KEMSA, mamlaka inayonunua na kusambaza dawa za taifa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alichunguza ununuzi wa vifaa vya korona wa shilingi bilioni 7.8 akakuta sheria za zabuni zimekiukwa na bidhaa zilizonunuliwa kwa bei ya juu zimelala ghalani. Wakuu watatu walisimamishwa kazi. Wakati huo huo wauguzi walikuwa wakilalamika kwamba hawana glavu wala barakoa. Mwezi Desemba daktari kijana wa miaka 28, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona kwa miezi bila mshahara wala bima ya afya, alifariki kwa ugonjwa ule ule, na madaktari wakagoma. Mwananchi hakuhitaji kusoma ripoti ya kurasa mia. Aliona daktari anazikwa na tajiri mpya ananunua gari.

Jambo jingine liliwauma waumini hasa. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, ibada iliruhusiwa watu 100 na saa moja tu, na wazee waliambiwa wabaki nyumbani. Viongozi wa dini walikaa katika baraza la madhehebu mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria, wakazitunga kanuni hizo kwa uangalifu na kuzitetea mbele ya waumini wao. Miezi michache baadaye wanasiasa, wa serikali na wa upinzani, walikuwa juu ya magari wakihutubia maelfu waliobanana bila barakoa. Mzee wa kanisa aliyemzuia mjane mlangoni kwa kuwa hesabu imetimia alijionaje alipoyaona hayo kwenye televisheni? Ni mpaka Novemba mikutano hiyo ilipopigwa marufuku.

Twaweza kuendelea. Chanjo ilipofika Machi 2021, tayari palikuwa na wengi waliouliza nani anafaidika nayo. Badala ya kuwajibu kwa subira, serikali ilitoa amri Novemba 2021 kwamba ifikapo tarehe 21 Desemba asiyechanjwa atanyimwa huduma za serikali. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Sisi twaiamini chanjo na tuliwahimiza watu wachanjwe. Kwa sababu hiyo hasa ile amri ilitusikitisha. Ilimpa kila mwenye shaka hoja mpya: kama ni njema, kwa nini naburutwa kwayo?

Na funzo halikuingia. Mwaka 2023, KEMSA hiyo hiyo iliingia tena katika kashfa, safari hii ya zabuni ya vyandarua vya malaria vya mabilioni ya shilingi, Rais Ruto akamfuta kazi katibu wa wizara, na bodi nzima ikavunjwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu wetu ameumwa mara ngapi?

Walionyimwa kura kwa jina la Ebola

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni habari ya wizi na ukali wa polisi, na kwamba kura haihusiani. Tuwapeleke Beni, mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi.

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018. Eneo lile lilikuwa limechinjwa na makundi ya wenye silaha kwa miaka, na serikali ya Kinshasa haikuweza, au haikutaka, kuwalinda watu wake. Watafiti waliowahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi Septemba mwaka huo waligundua kwamba wasiofika theluthi waliamini kuwa viongozi wa mahali pale wanatetea maslahi yao. Karibu robo walisema Ebola haipo kabisa. Na wale wasiowaamini viongozi ndio waliosita zaidi kuikubali chanjo. Tazama jinsi mambo mawili yalivyofungamana: mtu aliyeachwa achinjwe kwa miaka bila msaada aliuliza ni kwa nini sasa, kwa homa hii, magari mengi namna hii yamekuja.

Kisha tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi wa taifa, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi upande wa magharibi, hazitapiga kura hadi Machi. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Wananchi walitazama wakaona masoko yako wazi na makanisa yako wazi. Ni sanduku la kura pekee lililokuwa na hatari. Nao walijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba eneo lao ni ngome ya upinzani. Kesho yake waandamanaji waliojawa na hasira walikivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni, na wagonjwa wakakimbia. Tarehe 30 watu wa Beni walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya mfano ili kuuonyesha ulimwengu kwamba wangeweza. Rais mpya aliapishwa Januari 2019. Kura zao za Machi hazikumhusu tena.

Mwezi Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa. Mwezi Aprili daktari kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani aliuawa akiwa kazini Butembo. Mlipuko ule haukumalizika hadi Juni 2020, na ulikuwa umewaua watu zaidi ya 2,200, ingawa chanjo yenye nguvu ilikuwepo tangu mwanzo. Hatusemi kwamba kuahirishwa kwa kura ndiko kulikowaua wote hao. Vita na makundi ya silaha vilikuwa na sehemu yao kubwa. Twasema kwamba serikali ilipolitumia jina la ugonjwa kunyang'anya haki, iliufanya ugonjwa wenyewe uonekane kuwa chombo cha siasa, na kila aliyevaa mavazi ya daktari akahesabiwa kuwa wakala wa chama.

Mtu akiwa na silaha ya namna hiyo mkononi hupata kishawishi. Majirani zetu wa Uganda walikishuhudia. Mwaka 1986 serikali mpya ya Rais Museveni iliutangazia ulimwengu kwamba Ukimwi upo nchini mwake, ikawaruhusu wauguzi, maaskofu, masheikh na waimbaji waseme. Waganda wakabadili mienendo, na miongoni mwa wajawazito waliopimwa Kampala kiwango cha virusi kilishuka kutoka takriban theluthi moja mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi kama sehemu moja ya kumi miaka kumi baadaye. Hilo ni tunda la kusema kweli. Lakini mwaka 2020 serikali hiyo hiyo ilizitumia kanuni za korona kuzuia kampeni za upinzani. Mgombea Bobi Wine alikamatwa Novemba kwa kuzivunja, na makumi ya watu waliuawa katika maandamano yaliyofuata. Imani iliyojengwa na kizazi kimoja ilitafunwa na tamaa ya kubaki madarakani. Hakuna serikali iliyokabidhiwa imani kwa hati ya kudumu.

Wenye kuaminiwa nao wana deni

Ndugu zetu wa makanisani wamekuwa wakituuliza: sasa tumwamini nani? Mara nyingi jibu la watu wa kawaida limekuwa ninyi. Padri, mchungaji na imamu hujua idadi ya mazishi kabla ya waziri kuitangaza. Mwenye kuzika hadanganyiki kwa takwimu.

Kule Tanzania, hesabu za korona zilikoma kutangazwa mwaka 2020, zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Taifa liliambiwa kwamba ugonjwa umeondoka, na Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Mwezi huo huo maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo waliwaandikia waumini wao kwamba ugonjwa upo na wajikinge. Hawakuwa na jeshi wala maabara. Walikuwa na makaburi mbele ya macho yao na ujasiri wa kuyataja. Rais Samia alipoingia madarakani Machi na kuunda kamati ya wataalamu, njia ya kurudi kwenye ukweli ilikuwa na mahali pa kuanzia.

Lakini mwenye kuaminiwa hana ruhusa ya kusema lolote. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliipinga hadharani chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai kwamba ina kitu cha kuwazuia wasizae. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisisitiza kwamba chanjo ni salama. Kampeni ya chanjo iliyoendeshwa bila maelezo ya kutosha kwa wazazi ilizaa mashaka. Nayo mashaka, yakishatamkwa kutoka madhabahuni, huzaa hofu ambayo haiondoki kwa taarifa moja ya waziri. Pepopunda huwaua watoto wachanga siku za kwanza za maisha yao. Kwa sababu hiyo neno la kiongozi wa dini juu ya dawa lastahili kupimwa mara mbili kabla ya kutoka, kwa ushahidi ulio wazi kwa kila mtu. Nasi wanaharakati vivyo hivyo. Kuipinga serikali mwizi ni wajibu wetu. Kumfundisha mwananchi kwamba kila neno la kila muuguzi ni uongo ni kumpokonya ngao yake mchana wa vita.

Hoja ya wenye haraka

Twajua hoja inayotolewa dhidi yetu. Wakati wa tauni, husemwa, hakuna nafasi ya mjadala. Nyumba ikiwaka moto hupigi kura nani abebe ndoo. Hoja hiyo ina sehemu ya kweli. Ziko saa ambapo lazima mtu mmoja atoe amri na wengine watii mara moja. Lakini katika nyumba inayowaka watu humtii yule ambaye jana hakuwaibia ndoo. Utii wa haraka ni faida ya imani ya zamani. Asiyeiweka hawezi kuichukua. Na amri ikitolewa bila imani, huhitaji askari. Askari akija, watu hujificha. Wakijificha, ugonjwa huenea gizani. Ukienea, serikali huongeza askari. Tumeuona mduara huo kwa macho yetu.

Isitoshe, kulipowekwa kamera, mahakama na mkaguzi mkuu, mambo yalirekebishwa. Mahakama iliisimamisha amri ya chanjo. Mkaguzi aliifichua KEMSA. Waandishi wa habari walionyesha zabuni zilivyotolewa. Hayo yote ni matunda ya mapambano yaliyoondoa kifungu cha 2A Desemba 1991 na kuleta Katiba ya mwaka 2010. Lau korona ingetujia mwaka 1988, nani angejua kilichokuwa ghalani?

Tunayoyadai

Kwanza, hesabu za ugonjwa na hesabu za fedha zitangazwe pamoja, siku moja, mahali pamoja. Kila kaunti ibandike kwenye ukuta wa zahanati imepokea nini na imenunua kwa nani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inaeleza njia yake. Tusiombe kama fadhila kile tulichopewa kama haki.

Pili, polisi waondolewe katika kazi ya tabibu. Mhudumu wa afya wa kijiji, anayejulikana kwa jina na kwa ukoo, ndiye apewe kazi ya kubisha hodi, tena alipwe kwa wakati. Karantini isitumiwe kamwe kuwa adhabu, wala mgonjwa asidaiwe fedha kwa kutengwa ili wengine wapone.

Tatu, pasiwe na uchaguzi utakaoahirishwa wala mkutano utakaozuiwa kwa jina la ugonjwa pasipo kibali cha mahakama na sababu zilizoandikwa, na kanuni zimfunge mgombea wa serikali kama zinavyomfunga mpinzani na kama zinavyomfunga mwenye kusali.

Nne, wanaoiba mali ya wagonjwa wahukumiwe, na mali irudi. Kusimamishwa kazi si hukumu.

Tano, nasi wenyewe tuanze sasa. Kila parokia, kila kikundi cha akina mama, kila tawi la vijana lichague watu wawili watakaoijua zahanati yao: ina dawa gani, inakosa nini, muuguzi amelipwa lini. Wahudhurie vikao vya bajeti vya kaunti, maana afya iko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Waulize, waandike, wasome majibu mbele ya mkutano baada ya ibada.

Tunaandika haya tukijua kwamba mlipuko mwingine utakuja. Mpox iliingia Taita Taveta Julai 2024, katika wiki zile zile ambazo wazazi walikuwa wakiwazika vijana waliouawa katika maandamano ya kupinga mswada wa fedha. Mzazi aliyemchukua mwanawe mochari akiwa na risasi mwilini atatakiwa siku moja kumwamini afisa wa serikali aliyeshika sindano. Atakapomkazia macho afisa huyo, atakuwa akiitazama serikali nzima, na yote iliyomtendea.

Serikali inayotaka kuaminiwa siku hiyo ianze leo kustahili. Nasi, ndugu, tusingoje siku hiyo. Ghala hujazwa wakati wa mavuno.